Hodi Tatu kwa Kambi ya Macho

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu Timotheo kasema mtu anayejifunza kompyuta aandike kila siku alichojaribu na kilichomshinda. Haya, naandika. Ila sitaandika ya kompyuta peke yake, maana kompyuta haifungi Ramadhani, haiuguzi mama, wala haina kaka anayeitwa Rahimu.

Niseme yote mara moja. Mie ni Semeni, mwenye steshenari hapa Makorora, Tanga. Natoa kopi, nachapa barua, najazia watu maombi yao mtandaoni. Mama yangu, Bi Mwanamkasi, ana mtoto wa jicho macho yote mawili. La kulia limeshafunga. La kushoto anaona kama mtu aliye ndani ya chandarua. Kuna madaktari wa kambi ya macho ya Nuru Pwani wanaozunguka huku kwetu mara moja kwa mwaka, masika yakielekea kwisha, na wanapasua bure. Mahali na tarehe wanatangaza kwenye ukurasa wao wa mtandao, ghafla, na nafasi zinajaa siku hiyohiyo. Mwaka jana nilikuwa nachungulia ukurasa ule kila nilipopata upenyo. Siku ya tangazo nilikuwa na foleni ya watu wa kopi mpaka barazani. Nilipofungua kesho yake, zimekwisha. Mama hakusema kitu. Afadhali angesema.

Mwaka huu kompyuta itachungulia yenyewe, nami nitafanya kazi zangu. Nimeshaamua, na mie nikiamua watu wa mtaa huu wananijua.

Jumanne, 4 Machi

Umeme hakuna kutwa. Nimejifunza kupepea.

Ijumaa, 7 Machi

Imekubali! Imekubali, wallahi!

Nianze mwanzo. Huyu mwalimu Timotheo anafundisha fizikia sekondari, Msambaa wa Lushoto, mrefu, mwenye kuongea kama anakusomea matokeo. Huja kwangu kutoa kopi za mitihani. Nilipomwambia ninachotaka akavuta pumzi, akasema, "Dada Semeni, hii kazi ya vijana wa chuo. Utachoka mapema." Nilitaka kumrudishia mitihani yake haijatolewa kopi. Nikafunga mdomo kwa ajili ya saumu.

Lakini alinionyesha, hilo sikatai. Kumbe mtu hahitaji kuandika kila kitu mwenyewe. Kuna kitu wanakiita maktaba, kazi ambayo wenzio wameshaiandika zamani, wewe unaiita tu ikusaidie. Hii yangu inaitwa requests. Mstari wa kwanza unaiita maktaba. Wa pili unaipa anwani ya ukurasa na kuiambia nenda ukaniletee. Wa tatu unasema nionyeshe ulicholeta. Basi! Mistari mitatu. Nilikosea mara chungu nzima, mara nimesahau alama ya kufungia, mara anwani ina nafasi katikati, mashine inanijibu maneno mekundu. Halafu ikaja namba moja tu: 200. Mwalimu alikuwa ameniambia, ukiona mia mbili, mwenye ukurasa amekubali na amekupa. Chini yake yakamiminika maandishi ya ukurasa mzima, na katikati yake nikasoma: Tarehe ya kambi itatangazwa.

Nilipiga kelele. Praxeda, jirani yangu anayepika vitumbua pale kona, alikuja mbio na ndoo ya maji akidhani printa imeshika moto.

"Nini wee?"

"Nimemtuma mtu, kaenda, karudi!"

"Mtu gani?"

Sikuweza kumweleza. Akanitazama, akaondoka na ndoo yake.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya futari mama aliomba msahafu wake. Nikampa. Akaufungua, akauweka mapajani, akapitisha kidole juu ya mistari kama anasoma, huku anasoma kwa moyo zile sura anazozijua. Alipofika asipopajua, kidole kikasimama.

"Mwaka wa pili huu," akasema, "nakhitimu kwa masikio."

Nilikwenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Jumatano, 19 Machi

Leo nimemaliza, na nasema bila haya kwamba ni kazi nzuri. Mashine inaleta ukurasa, inaulinganisha na wa jana uliohifadhiwa. Ukiwa uleule, kimya. Ukiwa umebadilika, anawika jogoo. Jogoo mwenyewe ni wa Praxeda, nilimrekodi kwa simu, ana sauti ya kuamsha wafu. Nimeiambia iende kila siku saa 1, nikishafungua duka na kufagia, kabla watu hawajaanza kuja. Mwalimu Timotheo nimemwonyesha jogoo tu, mistari sikumwonyesha. Sitaki kukosolewa na mtu aliyesema nitachoka.

Jumatatu, 31 Machi

Idd mubarak. Kaka Rahimu kaja kutoka Chumbageni na nguo ya mama, pilau la mkewe, na kichupa cha dawa ya macho alichouziwa na mtu anayetembeza barabarani.

"Matone mawili asubuhi, mawili jioni. Watu wanapona," kasema.

"Watu gani? Wataje majina."

"Wewe Semeni, kila kitu ubishi. Mwaka jana ulisema utafuatilia hiyo kambi yako. Umefuatilia?"

Siku ya Idd hiyo. Mama akakichukua kichupa, akamshukuru mwanawe, akakitia kwenye mkoba. Rahimu alipoondoka akanipa mimi. "Kitupe, lakini asikione jalalani."

Rahimu anaona mie nacheza. Ataona.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua kubwa. Jogoo kimya.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Jogoo kimya.

Ijumaa, 11 Aprili

Mtaro wa mbele ya duka umefurika, karatasi za chini zimelowa. Jogoo kimya. Mama kauliza, "Mtumwa wako harudi na habari?" Nikamwambia anakwenda kila asubuhi, mama, usiwe na wasiwasi.

Jumatatu, 14 Aprili

Sijui nilie au nicheke. Nimeshafanya vyote viwili.

Mwalimu Timotheo kaja na mitihani ya kanda, akaona ule mkebe wa kompyuta ambamo ukurasa wa kila siku unahifadhiwa. Akauliza, "Mbona mna ukurasa mmoja tu, wa tarehe kumi na tisa Machi?"

"Haiwezekani. Inakwenda kila siku saa moja."

"Saa moja ipi?"

"Saa moja, mwalimu! Asubuhi! Kuna saa moja ngapi?"

Akatazama mstari nilioandika 1. Akafunga macho. Mabega yakaanza kumtikisika. Yule mtu wa kusoma matokeo alicheka mpaka akashika meza.

Kompyuta haijui kuwa sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Yenyewe inahesabu kuanzia katikati ya usiku. Saa moja yake ni saa saba ya usiku, na saa saba ya usiku kompyuta yangu imezimwa, imefungiwa kabatini, mie nimelala. Haijakwenda hata siku moja! Karibu mwezi mzima namwambia mama anakwenda, anakwenda, na hakuna aliyekwenda. Nilifungua ukurasa kwa mkono. Tarehe ya kambi itatangazwa. Mungu kanisitiri.

Nilikuwa karibu kulia, ndipo mwalimu akaacha kucheka, akavuta kiti.

"Dada Semeni, nikwambie siri. Mwaka wangu wa kwanza pale shuleni niliwatengenezea kengele ya kompyuta. Nikaiandikia igonge saa mbili, vipindi vianze. Ikagonga saa nane ya usiku. Bweni zima likatoka na madaftari. Mkuu wa shule alitoka na shuka."

Nikacheka na machozi yangu. Hakusema tena kuwa ni kazi ya vijana. Akaniandikia 7 palipokuwa na 1, akalipa kopi zake, akaondoka. Si mtu mbaya kama nilivyomweka moyoni.

Jumanne, 15 Aprili

Sikulala vizuri kwa hofu. Nimefuta habari ya saa kabisa. Sasa iende, irudi, iende tena, bila kupumzika, kutwa nzima. Sitaki nipitwe hata na dakika. Tangazo likitoka nitakuwa wa kwanza Tanga nzima. Naitazama inavyokimbia kwenye kioo, mia mbili, mia mbili, mia mbili, hata siwahi kuzisoma. Hii ndiyo kazi sasa.

Jumatano, 16 Aprili

Asubuhi mia mbili zilikwisha, zikaanza namba nyingine, kwamba mwenye ukurasa kalemewa. Nikasema mtandao wetu huu. Nikaiacha ikimbie. Adhuhuri ikaja 403. Nikampigia mwalimu Timotheo.

"Mia nne na tatu maana yake wamekuona na wamekukataa. Ulikuwa unaomba mara ngapi?"

Nikamwambia.

"Aa, dada Semeni! Bila hata sekunde ya kupumzika? Ule ukurasa mdogo, pengine mashine yao ni ndogo kuliko yako. Umewaangusha."

Nikafungua kwa simu yangu, ambayo ndiyo inayoipa kompyuta mtandao. Huruhusiwi. Laini yangu imefungiwa mlango, na mvua zimeshakolea, na kambi iko karibu kutangazwa. Mwaka jana nilipitwa kwa sababu sikwenda. Mwaka huu nitapitwa kwa sababu nilikwenda mno.

Mwalimu akasema kuna njia. Nisajili laini nyingine, watamwona mgeni mpya, wala hawatajua ni mimi. Nikasema nitafikiri. Nikafunga duka mapema, nikarudi nyumbani alasiri. Mama alikuwa barazani anasuka ukili wa mkeka. Ukili hausukwi kwa macho, anasema, vidole vyake vinajua njia. Akasikia nilivyotua mkoba.

"Nini?"

Nikamweleza, kwa maneno ya kawaida. Kwamba nilimtuma mtu nyumba ya watu kuuliza habari, akawa anaingia na kutoka, anaingia na kutoka, kutwa, mpaka wenyewe wakamfungia.

"Alipiga hodi?"

"Mama, ni kompyuta."

"Nimekuuliza, alipiga hodi?"

"Hapana."

"Alisema yeye nani, katumwa na nani?"

Nikafikiri. Kwa kweli, maktaba ile ukiiacha hivihivi inajitambulisha kwa jina lake yenyewe tu, jina la chombo. Hakuna Semeni, hakuna Makorora. "Hapana, mama."

Mama akaweka ukili chini. "Mtu asiye na jina anaingia kwangu bila hodi, mara mia, na mimi niko na shughuli zangu. Mwanangu, mie ningemmwagia maji." Halafu akanihesabia kwa vidole, kama nilivyokuwa mtoto. "Unapiga hodi. Unasubiri, pengine mwenyewe yuko kwenye sala, pengine anaoga, mpe nafasi ajitande. Unapiga ya pili, unasubiri. Ya tatu. Usipojibiwa hodi tatu, unaondoka zako na heshima yako, unarudi kesho. Na unasema wewe nani kabla hujaulizwa."

"Na wakishanifungia? Mwalimu anasema niingie na laini nyingine, hawatanijua."

"Umefukuzwa mlango wa mbele, uende kuruka ua? Kwa ajili ya macho yangu? Nitayafungua nione nini, binti mwizi?"

Ameniuma, na alikuwa na haki.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimeandika upya yote. Mahali pale mgeni anapojitambulisha nimetoa jina la chombo, nimeweka maneno yangu na namba yangu ya simu. Mashine inapiga hodi moja, inakaa muda wa mtu kumaliza rakaa zake, inapiga ya pili, inakaa, ya tatu. Ikikataliwa zote inanyamaza hadi kesho. Mwalimu kaitazama akasema, "Hii adabu hata chuoni hawakutufundisha." Nikaona fahari, ila mlango umefungwa bado. 403, 403, 403.

Ijumaa, 18 Aprili

Hodi tatu. Hakuna karibu. Nimemwomba Rahimu, maana simu yake haijafungiwa, awe anachungulia ukurasa kila asubuhi. Kaguna kitu. Sijui ni ndiyo au siyo.

Jumamosi, 19 Aprili

Hodi tatu. Hakuna karibu. Rahimu: "Hakuna." Kajibu upesi mno.

Jumanne, 22 Aprili

Hodi tatu. Rahimu: "Hakuna." Sidhani hata kama anatazama.

Ijumaa, 25 Aprili

Hodi tatu. Mvua usiku na mchana.

Jumapili, 27 Aprili

Mama kaanguka. Alitoka mwenyewe kwenda kwa jirani kumpa pole ya msiba, hakutaka kunisumbua. Maji yalikuwa yamefunika mtaro, barabara na mtaro rangi moja, na kwa macho yale yote ni rangi moja hata kiangazi. Katumbukia mpaka kiunoni. Vijana wa bodaboda wamemtoa. Goti limevimba, mkono umechubuka, khanga imechukuliwa na maji, na yeye anachekacheka ati "nimeoga." Nilimbadilisha nguo, nikamkanda kwa hasira, na hasira yenyewe sijui ya nani.

Rahimu kaja mbio, kalowa chapachapa. Akamwona mama, akanigeukia.

"Namchukua. Anahamia Chumbageni leo, atakaa ndani, hatatoka peke yake tena."

"Umfungie?"

"Bora kufungiwa kuliko kuzama mtaroni!"

Hapo nikalipuka. Nikamwambia yeye hajali, kwamba nimemwomba jambo moja tu katika maisha yake, kutazama ukurasa, na ananijibu hakuna bila kutazama. Nilisema mengi. Rahimu akatoa simu yake mfukoni, ile yenye kioo kilichopasuka, mafuta ya gereji anakofanyia kazi yameingia mpaka kwenye nyufa, akaniwekea mkononi. Ukurasa wa Nuru Pwani ulikuwa wazi. Nikatazama alikopita siku zile: asubuhi, mchana, jioni, kila siku. Na tangu kabla sijamwomba. Tangu mwaka jana.

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba na mimi naogopa?"

Kaka yangu. Ananunua dawa za barabarani kwa sababu anaogopa, anagomba kwa sababu anaogopa, na mie miaka yote nilidhani anagomba kwa sababu ananidharau. Tumekaa mmoja huku mmoja huku wa kitanda, mama katikati.

"Mkimaliza," kasema mama, "mtu anipikie chai."

Amebaki Makorora. Rahimu kalala sebuleni.

Jumanne, 29 Aprili

Simu imelia nikiwa natoa kopi. Namba siijui.

"Naongea na Semeni binti Mwanamkasi wa Makorora?"

Hakuna anayeniita hivyo. Nikajua mara moja jina hilo kalisoma wapi, maana nimeliandika mahali pamoja tu.

"Ndiye mimi."

"Mimi naitwa Zabron, naangalia mtandao wa Nuru Pwani. Nimekuwa nasoma orodha ya waliokataliwa. Kila asubuhi kuna mtu anapiga hodi tatu, anasubiri, anaondoka. Siku kumi na zaidi. Nimefanya kazi hii miaka, dada, sijawahi kupigiwa hodi na mashine."

Nikamwambia kabla hajaniuliza. Kwamba yule wa tarehe kumi na sita, asiye na jina, aliyewalemea, naye ni mimi. Nilisema haraka nisije nikapata akili ya kunyamaza.

"Siku ile ukurasa ulilala nusu siku. Kuna watu walinipigia kutoka vijijini hawawezi kufungua. Nilikasirika sana."

"Una haki. Naomba radhi. Ni macho ya mama."

"Nimeona, umeandika." Sauti ikalainika. "Sikiliza. Siwezi kukupa nafasi, hizo zinatolewa kwa anayepiga simu kwanza, na sitakuficha wala kukupendelea. Lakini mlango nimekufungulia. Hodi moja kila nusu saa hainisumbui. Karibu."

Nikakimbilia kompyuta. 200. Nimekaa sakafuni pale nyuma ya mashine ya kopi, nikalia kama mtoto, mteja ananiita dada, dada, kopi zangu.

Jumatano, 7 Mei

Kawika.

Saa tatu na nusu asubuhi, watu wamejaa dukani kukwepa mvua, mara jogoo! Wote wakashtuka, Praxeda kule kona akapiga kelele, "Nani kamshika jogoo wangu?" Nikavuta ukurasa. Kambi ya macho, kituo cha afya Mwera, kuanzia tarehe kumi na tano. Namba ya kujiandikisha hii hapa.

Nikapiga. Inatumika. Nikapiga. Inatumika. Watu dukani wamenyamaza, wanaelewa sasa, mwalimu Timotheo yumo, anapiga kwa simu yake, mama mmoja nisiyemjua naye anapiga kwa yake. Simu yangu ikapita. Mwanamke akaandika: Mwanamkasi, Makorora, macho mawili. "Ni wa nne," akasema. Wa nne! Nilikata, nikabaki nimeishika simu kifuani.

Halafu nikafanya jambo ambalo najivunia kuliko jogoo. Nilichapa tangazo kwa herufi kubwa, nikabandika mlangoni, nikampigia imamu alitangaze baada ya adhuhuri, mwalimu akalipeleka kanisani kwao. Praxeda nilimwandikisha mwenyewe. Kumbe naye anaona duara za rangi kwenye kila taa, hakuwahi kuniambia, alidhani ni moshi wa vitumbua. Kabla nafasi hazijajaa, walikuwa wameingia watu wengi wa mtaa huu.

Nilimpigia Rahimu wa mwisho. "Nimeona," akajibu kabla sijasema. "Nilikuwa napiga, haikupita."

"Imepita huku."

Nikasikia mashine za gereji.

"Umefanya kazi, Semeni," akasema. Neno hilo nimelisubiri tangu nina miaka saba, tangu siku ile alipokataa kunipa usukani wa baiskeli.

Alhamisi, 15 Mei

Mwera. Tumevuka mto Pangani asubuhi, Rahimu kamshika mama mkono tangu kwenye kivuko mpaka mlangoni kwa daktari, kama anabeba mayai. Walimpasua jicho la kulia. Alikuwa anasoma sura zake kimoyomoyo. Zabron alikuwepo, anaandika majina ya watu wanaofika, kijana mfupi mwenye miwani minene kuliko yote pale kambini. Aliposikia jina la mama akasimama kumwamkia.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye mwenye mlango."

"Marahaba, mwanangu. Tusamehe kwa kelele."

Ijumaa, 16 Mei

Wamefungua kitambaa. Mama katazama dari, katazama ukuta, katazama dirisha. Akanigeukia mie. Nikasubiri neno.

"Semeni," akasema, "kumbe umeota mvi!"

Rahimu kacheka mpaka muuguzi akamtoa nje.

Jumamosi, 7 Juni

Idd ya kuchinja. Mvua zimekwisha, ardhi imekauka. Mama kapata miwani ya kusomea. Tangu juzi haongei na mtu, yuko na msahafu. Nikipita namsikia anasoma kwa sauti yale asiyoyajua kwa moyo.

Jumamosi, 14 Juni

Mama kaja dukani leo, kwa miguu yake, peke yake, akavuka mtaro bila kushikwa. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akatoa miwani.

"Nionyeshe hiyo hodi uliyowaandikia watu."

"Mama, ni mambo ya kompyuta."

"Nilisoma kisomo cha watu wazima, nilipewa cheti. Nionyeshe."

Nikamgeuzia kioo, nikayakuza maandishi. Akasogea, akaweka kidole juu ya kioo kama anavyoweka juu ya msahafu, akaanza, herufi kwa herufi, midomo inatangulia.

"Ho-di. Ni Se-me-ni. Bin-ti..."

Kidole kikasimama. Nilidhani neno limemshinda. Halikumshinda. Alilitazama muda mrefu, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akavaa tena.

"Binti Mwanamkasi," akasoma. "Wa Makorora. Nauliza tarehe ya kambi, kwa ajili ya macho ya mama."

Nikajifanya napanga karatasi.

"Na babako je? Hukumwandika?"

"Baba hakuwa na mtoto wa jicho, mama."

Akacheka, akajifuta macho, yote mawili, lile jipya na lile linalosubiri kambi ya mwakani. "Hebu ipige nisikie."

Nikaiendesha. Mashine ikaenda, ikarudi. 200.

"Wamesemaje?"

"Wamesema karibu, mama."

"Basi izime sasa," akasema mama, akasimama na kujitanda khanga. "Tumeshakaribishwa, tusiwachoshe watu."

Nikaizima. Tukafunga duka pamoja, akatangulia yeye, akanionyesha penye tope.